Mama anasema hahitaji kitu: nimsherehekee vipi mwezi Mei?

Swali: Shikamoo mama mshauri. Mimi ni mtumishi wa umma mwenye miaka 34, ninafanya kazi Mtumba hapa Dodoma na ninaishi Nzuguni na mke wangu na binti yetu wa miaka sita. Mama yangu ana miaka 64, ni mjane, anaishi kijijini upande wa Mvumi pamoja na wajukuu wawili, na analima uwele, mtama na karanga. Mwaka jana, Jumapili ya Siku ya Mama, tulimpelekea keki na maua ya dukani, tukiwa watu kumi na mmoja. Maua yalinyauka kabla hatujafika, keki aliigawa yote kwa watoto wa majirani, na kesho yake nikasikia anaumwa mgongo kwa sababu aliamka saa kumi alfajiri kutupikia. Kila nikimwuliza anataka nini, hujibu kwamba hahitaji kitu. Simu imejaa picha za maua na maneno kwamba hii ni sikukuu ya majira ya machipuo, lakini kwetu mwezi Mei nyasi ndiyo zinaanza kukauka. Ninaweza kutenga kama shilingi 60,000. Nifanye nini ambacho ni kidogo lakini kina maana?

Jibu: Marahaba, mwanangu, na mbukwenyi, ile salamu ya Kigogo, kwenu nyote hapo nyumbani.

Nimeisoma barua yako mara mbili, na mara ya pili nimeona kwamba sehemu kubwa ya jibu umekwisha kuiandika wewe mwenyewe, pale uliposema kwamba mama aliamka saa kumi alfajiri ili awapikie watu waliokuja kumpongeza. Sioni kosa katika keki wala katika maua. Kilichoharibika ni kwamba siku iliyokusudiwa kumpumzisha ilimwongezea kazi, naye, kama walivyo wanawake wengi wa umri wake, asingeweza kuwaona wageni kumi na mmoja uani kwake kisha akakaa kitako. Kwa mama wa kijijini mgeni ni mgeni hata akiwa mtoto aliyemzaa mwenyewe: akishashuka kwenye gari na viatu vya mjini, lazima maji yachotwe, kuku akamatwe na moshi uonekane jikoni. Mimi nilifanya kazi ya maendeleo ya jamii katika vijiji vya Bahi, Chamwino na Kongwa kwa zaidi ya miaka 20, na kipimo nilichotoka nacho huko ni kimoja: zawadi ya mama hupimwa kwa kazi inayompunguzia katika majira aliyomo. Mengine yote nitakayokueleza yanatokana na hilo.

Nianze na majira, kwa kuwa umeuliza na umeuliza vizuri. Siku ya Mama inayoangukia Jumapili ya pili ya Mei ilitokana na msiba wa nyumba moja huko Marekani. Mama aliyeitwa Ann Reeves Jarvis, wa jimbo la West Virginia, alifariki tarehe 9 Mei 1905, na binti yake Anna akashikilia kwamba iwepo siku ya kuwaenzi mama. Ibada ya kwanza rasmi ilifanyika katika mji wa Grafton tarehe 10 Mei 1908, naye binti akapeleka kanisani maua meupe 500 ya aina waiitayo kaneshini, kwa sababu ndiyo mama yake aliyoyapenda, na mwaka 1914 Rais Woodrow Wilson akaitangaza siku hiyo kwa taifa zima. Kwao Mei ni katikati ya majira ya machipuo, baridi imekwisha na bustani zimejaa, kwa hiyo maua yaliingia katika sikukuu hii kwa sababu yalikuwapo mlangoni na kwa sababu marehemu aliyajali. Wengine wana tarehe zao: Misri, na nchi nyingi za Kiarabu baada yake, huadhimisha tarehe 21 Machi, siku ya kwanza ya machipuo kwao, tangu mwaka 1956, na Waingereza huadhimisha Jumapili ya nne ya Kwaresima. Utaona kwamba kila mahali watu wamefuata kalenda yao na kilichopo karibu yao, na hakuna anayetudai sisi wa Dodoma tutafute kaneshini.

Wauza kadi hawapendi kulitaja hili, lakini Anna Jarvis huyo huyo alitumia sehemu kubwa ya maisha yake ya baadaye, hadi alipofariki mwaka 1948, akipambana na wauza maua, kadi na peremende, kwa kuona kwamba wameigeuza siku ile kuwa biashara. Alisisitiza pia kwamba jina la siku hiyo liandikwe kwa umoja, kwa maana kwamba kila nyumba imkumbuke mama yake mwenyewe. Kiswahili kimelihifadhi wazo hilo bila kuambiwa, kwa maana tunasema Siku ya Mama, na ile ya tarehe 8 Machi, ambayo ni ya haki na maendeleo ya wote, tunaiita Siku ya Wanawake. Kila mwaka nakutana na watu waliozichanganya, wakampelekea mzazi wao hotuba badala ya shukrani.

Sasa tuje kwetu. Dodoma tuna msimu mmoja wa mvua, unaoanza Desemba, mara nyingine mwishoni mwa Novemba, na kuishia Aprili, na mvua yote ya mwaka kwa wastani ni kama milimita 550 hadi 600. Kwa hiyo Mei kwa mama yako ni mwezi wa mavuno: karanga zimeng'olewa au zinang'olewa, masuke ya uwele yamekomaa, mtama unafuata, na makundi ya kwelea kwelea yanapita asubuhi na jioni yakitafuta shamba lisilo na mtu. Machipuo yetu wenyewe yako upande wa pili wa mwaka, Novemba na Desemba, pale migunga inapotoa majani na mibuyu inapochanua, nao ndio wakati ambao ghala linaelekea kupungua na njaa ya Januari inaanza kunukia. Ukizitazama nyakati hizo mbili kwa pamoja utaelewa kwa nini nasema zawadi ifuate majira. Mwezi Mei mama ana chakula lakini mikono haitoshi, na ifikapo Desemba na Januari kazi ya kulima na kupalilia imepamba moto huku chakula ndicho kinachohesabiwa kwa kopo. Mtu anayempelekea mama unga mwezi Mei na keki mwezi Januari hajamkosea adabu, ila hajamtazama.

Kwa hiyo mwezi Mei mpelekee mikono. Usisubiri Jumapili, ondoka Ijumaa jioni baada ya kazi, wewe, mkeo na binti yenu, watatu tu, na ndugu wengine waombe wagawane wikiendi zinazofuata, kwa kuwa mavuno hayaishi siku moja na mama atafaidika zaidi na watu watatu kwa wiki nne kuliko na watu kumi na wawili kwa mchana mmoja. Mpigie simu mapema umwambie waziwazi kwamba mnakuja kuvuna, kwamba mtakuja na chakula chenu kwa siku mbili, na kwamba hutaki kuku achinjwe. Atakataa. Mrudie tena kesho yake kwa utulivu ule ule, na mwombe mmoja wa wale wajukuu akuhakikishie kwamba kuku bado yu hai.

Jumamosi alfajiri, kabla jua halijatoka, nenda shambani ukaamie ndege badala ya mama. Huenda hujafanya kazi hiyo tangu uwe darasa la nne, na utashangaa jinsi ilivyo ngumu kwa mtu mzima: unapiga kelele, unatikisa makopo, unarusha mabonge ya udongo, na ndege wanahamia pembe nyingine ya shamba. Mama yako ameifanya kila alfajiri kwa wiki kadhaa, kisha akarudi nyumbani kuchota maji na kuwaandaa wajukuu kwenda shule. Kumwachia alale hadi saa moja na nusu, kwa siku mbili tu, ni zawadi ambayo duka lolote la Majengo au Sabasaba halina. Mchana mkatie masuke, myabebe hadi uani na mmsaidie kupura. Vaa shati la mikono mirefu, kwa sababu vumbi la uwele linawasha vibaya, na acha mama akuelekeze namna anavyotaka mambo yaende. Nakuomba ulizingatie hili hasa, kwa kuwa vijana waliosoma wakirudi shambani hupenda kuanza na ushauri: kwamba masuke yangeanikwa kule, kwamba kihenge kingeinuliwa hivi. Siku hiyo wewe ni kibarua wake. Ushauri wako, hata ukiwa sahihi, uweke hadi Juni.

Shilingi zako 60,000 zina mahali pa kwenda hapo hapo uani. Mama wengi wa huku hupura juu ya ardhi iliyosafishwa au kupakwa udongo, kisha hutumia saa nyingi kupepeta na kuchagua mchanga, na bado unga unakuja na chembe zinazolia menoni. Turubai moja imara, la ukubwa wa kutosha watu wawili kupura wakiwa wameketi pembeni, humwondolea kazi hiyo kwa misimu kadhaa, na akimaliza hulitumia kuanikia mlenda na karanga. Kitu cha pili ni mifuko ya kuhifadhia nafaka isiyopitisha hewa, ile yenye mifuko miwili ya plastiki ndani ya kiroba. Nafaka iliyokaushwa vizuri ikijazwa humo, na kila mfuko ukafungwa peke yake kwa kamba baada ya kukamuliwa hewa, wadudu waliobaki ndani huitumia hewa yote na kufa, bila dawa yoyote. Mama anaepuka gharama ya dawa na anaepuka fukusi na dumuzi, yule ambaye wakulima walimbatiza Scania kwa namna anavyobomoa mahindi. Sharti ni kwamba mfuko usifunguliwe ovyo, na usitobolewe na panya. Nunua miwili au mitatu, ifunge pamoja naye mara ya kwanza ili muone wote inavyofanya kazi, na hapo utakuwa umempa mama Januari ukiwa bado Mei.

Nafahamu kwamba unaposoma haya unaweza kujiuliza kama turubai linafaa kuitwa zawadi ya heshima. Nikueleze kosa langu mwenyewe. Nilipopata mshahara mzuri kwa mara ya kwanza nilimchukua marehemu mama yangu nikampeleka kula katika hoteli moja hapa mjini, nikamwagizia samaki na juisi, nikamketisha penye feni. Alikula kidogo sana, akaikagua ile karatasi ya hesabu ilipoletwa, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini: hapa tumekula debe ngapi za uwele? Nikamjibu kwa mzaha, lakini yeye alikuwa amekwisha kupiga hesabu, na kwa safari nzima ya kurudi alikuwa kama mtu aliyeshuhudia wizi. Mwaka uliofuata nilimnunulia ndoo mbili zenye mifuniko, na hizo alizionyesha kwa kila mgeni mpaka nikaona aibu.

Ndiyo maana hilo jibu lake, kwamba hahitaji kitu, usilichukue kama lilivyo, wala usilipuuze. Mama anapokuambia hivyo mara nyingi anasema mambo matatu kwa pamoja: kwamba anajua mshahara wako una madeni, kwamba hataki kuonekana mwenye kudai, na kwamba swali lenyewe limemfika ghafla. Acha kuuliza, anza kutazama. Ukiwa pale angalia ungo umetoboka wapi, mlango wa jiko umening'inia vipi, anahangaika vipi anapotunga uzi kwenye sindano, anakaa juu ya nini anapopika. Kigoda kilicholegea mguu ukikirekebisha kwa misumari minne, atakikalia kila siku na kila siku atakukumbuka.

Katika kutazama huko, yatazame macho yake kwa makini zaidi, na hapa naomba unisikilize kama mtumishi wa zamani wa vijijini kuliko kama mshauri wa sherehe. Mkoa wetu umeteswa muda mrefu na trakoma, ugonjwa tunaouita vikope, kiasi kwamba wilaya ya Kongwa imekuwa mahali pa utafiti wa ugonjwa huo tangu miaka ya 1980. Huwapata wanawake zaidi kuliko wanaume, kwa sababu huenezwa na watoto wadogo wenye macho machafu na nzi, na mama na bibi ndio wanaoshinda na watoto hao. Ukimwona mama anajipangusa macho mara kwa mara, anakwepa mwanga au anajing'oa kope, usimnunulie chochote kabla ya kumpeleka kwa wataalamu wa macho. Kope zilizogeukia ndani hukwaruza kioo cha jicho na mwisho wake ni upofu, wakati upasuaji wa kuzigeuza ni mdogo. Nanyi mko karibu na Hospitali ya Mvumi, ambayo kwa miaka mingi imejulikana kwa huduma ya macho. Kama tatizo ni la umri tu, miwani ya kusomea itamrudishia sindano, Biblia au Kurani yake na maandishi ya ujumbe wa simu. Uliza pia kama amekwisha kupata kitambulisho cha matibabu cha mzee, kwa kuwa Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuanzia miaka 60 na inataka wazee wasio na uwezo watibiwe bila malipo. Kufuatilia karatasi hiyo ofisi ya kijiji, kwa mtu aliyezoea ofisi kama wewe, ni kazi ya asubuhi moja, na kwake ni mlima.

Watu watakushauri umnunulie jiko la gesi, hasa tangu uzinduliwe Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia mwezi Mei 2024, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo ifikapo mwaka 2034. Nia ni njema na moshi ni adui wa mapafu na macho yake. Hata hivyo nimeona mitungi mingi vijijini ikiwa imefunikwa kitambaa cha kudarizi na kuwekewa redio juu, kwa sababu mtoto alinunua mtungi bila kupanga nani atalipia gesi ya mwezi wa pili na nani ataubeba. Kama ndugu mnaweza kukubaliana kuujaza kwa zamu mwaka mzima, fanyeni hivyo. Kama hamuwezi, mpe jiko banifu la kuni.

Khanga ni zawadi isiyozeeka, lakini inasema, na majirani watasoma kabla mama hajasoma. Ukinunua doti, lifungue dukani usome jina lote hadi mwisho. Usichukue kwa kupendezwa na rangi ya mji na pindo peke yake, kwa kuwa majina mengi yametungwa kwa ajili ya magomvi ya watu, na hutaki mama yako aende kanisani akimtukana jirani bila kujua. Nani Kama Mama haijawahi kumtia mtu matatani. Jambo dogo linalosahauliwa na wanaume ni kwamba doti huja limeungana. Mpelekee fundi alikate na kulipinda, ili mama alipokee tayari kuvaliwa. Zabibu nazo, kama ulifikiria kumbebea kwa kuwa tunasifiwa kwa zabibu, huvunwa hasa kuanzia Februari hadi Machi na tena Agosti hadi Septemba, kwa hiyo Mei hutazipata zilizo nzuri.

Nimebakiza jambo ambalo mimi ningelifanya hata kama sina senti moja. Jumamosi jioni, kazi ikiisha, mwombe mama akusimulie, na umrekodi kwa simu yako. Usimwambie akueleze historia ya maisha yake, maana atasema hana historia. Mwulize vitu vidogo: siku niliyozaliwa ulikuwa unafanya kazi gani uchungu ulipoanza, nani alikusindikiza, jina langu alilipendekeza nani, ulimpikia nini baba mara ya kwanza. Kwa umri wake, alikuwa mtoto wa miaka kumi hivi wakati wa Operesheni Dodoma ya mwaka 1971, watu walipohamishwa kutoka kwenye tembe zilizotawanyika na kuwekwa katika vijiji. Mwulize walibeba nini siku ile, na nini kiliachwa. Mwulize pia bibi yake alimwambia nini kuhusu Mtunya, njaa kubwa iliyoikumba Ugogo mwishoni mwa Vita ya Kwanza ya Dunia, kwa kuwa watu walioiona wamekwisha na waliosimuliwa nao wanapungua. Kama alicheza muheme ujanani, na wanawake wa Kigogo ndio wenye ngoma hiyo, mwache agonge meza aimbe; binti yako aone bibi yake akipiga mdundo. Mkirekodi nje, upepo wetu wa Mei utaiharibu sauti yote, kwa hiyo kaeni ndani au vika simu soksi nyembamba sehemu ya maikrofoni, na ukifika Nzuguni nakili rekodi hiyo mahali pengine siku hiyo hiyo, kwa maana simu huibwa. Ninayo sauti ya mama yangu ya dakika nne tu, akimfokea mbuzi.

Mwandikie pia barua. Najua mnapigiana simu, lakini simu humalizika kwa habari za ada na mvua. Karatasi moja inatosha, na ndani yake usimshukuru kwa malezi yote, kwa sababu shukrani ya namna hiyo hata mwanasiasa huitoa. Mshukuru kwa jambo moja ambalo wewe peke yako unalijua: kwa mfano ule usiku aliotembea nawe hadi zahanati, au zile karanga alizouza upate kiatu cha sekondari. Kama herufi zinamsumbua, binti yako amsomee kwa sauti, taratibu, naye akosee kosee. Usipige picha wakati huo. Picha za mwaka jana zilizokwenda kwenye simu za watu zilikuwa zenu. Hii iwe yake.

Halafu usiishie Mei. Mvua za kwanza zikinyesha, iwe mwishoni mwa Novemba au Desemba, rudi na mche. Mwulize anataka wa nini, wa tunda au wa kivuli. Mpera hukubali huku ukitunzwa, na mwarobaini huvumilia karibu kila kitu. Chimba shimo pana, changanya samadi, uzungushie miiba ya migunga mara moja, kwa kuwa mbuzi hawangoji. Pembeni zika chupa ya maji ya lita moja na nusu kichwa kikiwa chini, ukiwa umekata kitako chake na kutoboa tundu dogo kwenye kifuniko, ili wajukuu wakiijaza mara mbili kwa wiki maji yafike kwenye mizizi kidogo kidogo bila mama kubeba ndoo. Safari hiyo ndiyo ya kubeba unga, mafuta, sukari na sabuni, kwa sababu ndipo vinapohitajika. Na kama kuna mbuyu karibu na kijiji, mchukue mama jioni mkakae chini yake. Ua la mbuyu ni jeupe, kubwa kama kiganja, huning'inia kichwa chini na kufunguka jua linapozama, na kesho yake linakuwa limeanguka na kuanza kutoa harufu mbaya kidogo. Ukitaka maua ya Siku ya Mama yaliyo ya Dodoma, ni hayo, na huwezi kuyanunua.

Hukuniuliza kuhusu mama mkwe wako, nami sitaingia sana huko, ila nitasema kwamba mkeo akivuna uwele Mvumi kwa wikiendi nzima, ni haki na wewe uonekane kwao kabla Juni haijaisha. Vivyo hivyo kama kuna mama mdogo au shangazi aliyekulea kwa miaka fulani, simu ya dakika kumi Jumapili ile ile inamtosha, ukimtajia kwa jina jambo alilokufanyia.

Jumapili mchana mtakapokuwa mnaondoka, mama ataingia ndani bila kusema kitu na kutoka na mfuko wa karanga, pengine na mlenda wa kusaga uliofungwa kwenye gazeti, na huenda na yule kuku mliyemwokoa, amefungwa miguu. Utaona kwamba thamani yake inakaribia fedha uliyotumia, na utataka kukataa. Usikatae, mwanangu. Pokea kwa mikono miwili, mkeo apige goti kama alivyofundishwa, na huo mfuko ukifika nyumbani ukung'ute, uukunje, uuweke pamoja na vitu vya safari ya Desemba, kwa sababu ule mfuko wa mama yako lazima urudi kwake, na usirudi mtupu.